Mashahidi Wanne wa Jeni Moja

Wifi yangu ana jina zuri alilopewa na baba yake, lakini nyumbani na mtaani hakuna anayelitumia. Wanamwita Nani-Kasema. Alilipata angali mdogo, kwa sababu kila alichoambiwa alikirudishia swali hilo hilo. Usioge ukiwa na homa. Nani kasema? Msichana hapandi juu ya paa. Nani kasema? Mama mkwe wangu anasimulia kwamba siku moja alimchapa hadi mkono ukamuuma yeye mchapaji, na mtoto akafuta machozi akauliza nani kasema fimbo inafundisha. Nilipoolewa katika nyumba ile, wa kwanza kuniangalia kwa jicho la pembe alikuwa yeye. Nilijitambulisha kwamba mimi ndiye msusi bora mtaani kwetu. Mnaweza kukisia alinijibu nini.

Kazi yake ilinichukua miaka kuielewa, na msinicheke, maana nanyi hamuijui. Yuko kwenye maabara ya utafiti, lakini hashiki chupa wala sindano. Anakaa mbele ya skrini mbili katika chumba chembamba chenye feni inayolialia, anasoma. Anasema kuna kanzidata kubwa mtandaoni, na watafiti wa dunia nzima wanaweka humo wanayoyajua kuhusu jeni za binadamu, na kuhusu protini ambazo mwili unatengeneza kwa maagizo ya jeni hizo. Kila jeni ina ukurasa wake. Kila badiliko dogo lililowahi kuonekana kwenye jeni hiyo nalo lina ukurasa, na juu kabisa ya ukurasa kuna hukumu: halina madhara, haijulikani bado, au linaleta ugonjwa. Daktari akikuta badiliko kwenye damu ya mgonjwa anafungua ukurasa huo, anasoma hukumu, anarudi kwa mgonjwa nayo. Wifi yangu anapitia tafiti kuona kama hukumu hizo zina miguu ya kusimamia. Kwa kifupi, analipwa kubisha. Ukimwambia hivyo anakasirika, anasema analipwa kuhakiki.

Mume wangu, kaka yake, hafanani naye hata kidogo. Yeye ni mpole mpaka anatia hasira. Ni mwendesha kreni kwenye ghala la makontena, kazi ya kukaa juu angani ndani ya kibanda cha kioo, peke yake, akila karanga na kuinua mizigo ambayo ikidondoka inaua. Anaipenda kuliko anavyonipenda mimi, nimemwambia hivyo mara nyingi na hajawahi kukana. Siku moja alishuka ngazi za kreni, akafika chini, akaanguka. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa ameharisha mpaka asubuhi, akaenda kazini bila kutia kitu tumboni, akanidanganya kwamba amepona. Kampuni haikutaka kusikia habari za tumbo. Ikampeleka hospitali akapimwa kila kinachopimika, na daktari wa moyo akaongeza na kipimo cha jeni.

Majibu yakaja na badiliko. Lilikuwa kwenye jeni inayoagiza protini moja ya msuli wa moyo, ile inayosaidia moyo kujikunja na kujikunjua. Daktari alikuwa ameshafungua ukurasa wake. Hukumu ilisema linaleta ugonjwa, na chini yake maabara nne zilikuwa zimekubaliana. Alitueleza taratibu, kwa heshima, sina kinyongo naye. Moyo wa namna hiyo unaweza kusimama wakati wowote bila kupiga hodi. Alishauri awekewe kifaa kifuani, chini ya ngozi, kiushtue moyo ukizubaa. Kuhusu kreni, alitikisa kichwa tu.

Kampuni ikampa kiti getini, aandike namba za malori yanayoingia na kutoka. Nyumbani akawa mtu mwingine. Aliacha kumbeba binti yetu. Alilalia mito mitatu, mkono kifuani, akijisikiliza. Mtu aliyezoea kukaa angani siku nzima sasa alikuwa anapanda kitanda kwa uangalifu kama mzee. Nami niliogopa, nasema wazi. Nilitaka kifaa hicho kiwekwe kesho yake asubuhi, na kama vinaenea viwili, viwekwe viwili.

Nani-Kasema alikuja kwetu, akaomba ile karatasi ya majibu, akaisoma akiwa amesimama.

"Asikubali upasuaji kwanza," akasema. "Nipe muda niangalie."

"Uangalie nini? Maabara nne, wifi. Sio moja. Nne!"

"Nimeona ni nne. Nataka kujua zimejuaje."

"Sasa sikiliza," nikamwambia, na nilikuwa nimeshika chanuo, sijui nilitaka kulifanyia nini. "Ukikosea, wewe utaandika makala. Mimi nitakuwa mjane."

"Nikikosea nitamzika kaka yangu. Usinifanye mimi mpita njia."

Nikamfukuza. Nilimwonyesha mlango na nikasimama pale mpaka kivuli chake kilipopotea kwenye kona. Hata leo sioni kosa langu, kwa sababu alikuwa ananiomba nichezee pumzi ya mume wangu na hakuwa na chochote mkononi isipokuwa ubishi wake wa utotoni.

Kilichonigeuza ni simu ya hospitali. Muuguzi aliongea vizuri tu. Alisema badiliko kama hilo linarithiwa, hivyo tumlete na mtoto apimwe. Nilikuwa saluni, mteja kichwa nusu. Kupitia dirishani nilimwona binti yetu uani akiruka kamba, anahesabu kwa sauti, anakosea, anaanza upya. Nikaona yote yatakavyokuwa. Ataambiwa asiruke. Ataambiwa asikimbie na wenzake. Akikua kidogo watamtia chuma kifuani, kisha kila atakayemchumbia atasimuliwa habari za moyo wake kabla hajafika mlangoni. Damu ikanichemka. Nilimaliza kile kichwa, sikumbuki vipi, nikafunga saluni na kwenda maabara na mikono yangu yenye rangi ya nywele.

Nani-Kasema hakushangaa kuniona. Alivuta kiti, akanigeuzia skrini.

"Haya," akasema. "Mashahidi wako wanne hawa."

Akafungua wa kwanza. Maabara hiyo ilisema badiliko ni baya kwa sababu ya utafiti mmoja wa zamani, ambao ulimtaja mgonjwa mmoja mwenye moyo mbovu aliyekutwa nalo. Akafungua wa pili. Ushahidi wake ulikuwa maabara ya kwanza. Wa tatu alitaja wa kwanza na wa pili. Wa nne hakujisumbua, aliandika kwamba jambo hili linafahamika.

"Mgonjwa ni yule yule mmoja?" nikauliza.

"Yule yule. Na hakuna aliyeangalia kama moyo wake uliharibiwa na kitu kingine."

Hii niliijua. Saluni kwangu wateja wanne wanaweza kuniapia kwamba mwenye nyumba fulani amekimbiwa na mkewe, na wote wanne wamesikia kwa muuza vocha wa pale kona, ambaye mwenyewe alimwona tu mama wa watu amebeba begi.

"Lakini wangeweza kuona kosa," akaendelea. "Kuna kanzidata nyingine, imehesabu jeni za watu wazima wenye afya zao, mamia ya maelfu. Kama badiliko linaonekana sana kwa wazima, basi haliwezi kuwa la kuua. Wakaangalia humo, hawakuliona hata kwa mtu mmoja. Wakasema ni nadra, kwa hiyo ni baya."

"Wazima wa wapi hao?"

Akanionyesha mchoro wa duara, rangi moja imejaa karibu duara zima, na pembeni uzi mwembamba ambao nilihitaji kusogea ili niuone. "Huu uzi ndio sisi," akasema. "Sisi na majirani zetu wote. Sio kwamba badiliko hili ni nadra, wifi. Hatujahesabiwa tu."

Nilijisikia nimetukanwa. Mume wangu amekalishwa getini, mwanangu anataka kunyang'anywa kamba yake, kwa sababu watu walihesabu nyumba za upande mmoja wa barabara wakaenda kulala.

"Basi hesabuni!" nikapiga meza, kalamu zikaruka. "Mnangoja nini? Hesabuni!"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona Nani-Kasema akinitabasamulia mimi.

Alianza na nyumba yake. Akatoa damu yake, akamtoa damu na mama yake. Wote wawili walikutwa na badiliko lile. Mama mkwe wangu, ambaye bado anafua mashuka kwa mkono na kuwasema wanaotumia mashine, alisikiliza maelezo yote hadi mwisho. "Huo moyo mbovu," akasema, "ndio uliowazaa nyinyi wote sita." Akarudi kwenye beseni lake.

Tulicheka, lakini mkuu wa maabara hakucheka. Mkuu ni mtu makini, mwenye suruali zilizonyooshwa vizuri na woga wa muda mrefu. Maabara yake ilikuwa imesajiliwa miaka mingi kuandika hukumu kwenye kanzidata ile kubwa, nayo haikuwahi kuandika hata moja. Palikuwa na desturi pale, kila mtu aliijua: sisi tunasoma tu. Wanaoandika ni wengine, wenye majengo makubwa. Nilikuwa kwenye benchi la nje siku wifi alipoingia kwake, na mlango ule haufungi vizuri.

"Dada yangu, hii ni familia yako," nilimsikia mkuu akisema. "Una maslahi."

"Ninayo. Sifichi. Kwa hiyo toa damu ya familia yangu kwenye hesabu, yote. Kwenye friza tuna damu ya wale wazee waliojitolea kwenye utafiti wetu wa mifupa. Walipimwa moyo, wazima. Walikubali kwa maandishi damu yao isaidie utafiti mwingine wa afya. Naiomba kamati ya maadili ruhusa. Na sitagusa sampuli hata moja. Asome mwingine, na asijue anatafuta la nani."

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakaa kwenye benchi la nje na wifi yangu."

Kamati iliuliza maswali mpaka ya kuudhi, ikakubali. Kazi ikaanza, na sisi nyumbani tukawa na yetu, maana tarehe ya upasuaji ilikuwa inakaribia. Nilidhani itabidi nimbembeleze mume wangu. Yule mpole alinishangaza. Tulipokaa mbele ya daktari wa moyo alitoa mkono kifuani akauweka juu ya meza.

"Daktari, naomba tungoje," akasema. "Kama ni kufa, huku kukaa kitini nikijisikiliza nako ni kufa. Nipime tena moyo wenyewe, uuangalie. Uache kuangalia karatasi."

Daktari angeweza kukasirika. Badala yake alimlaza, akamvisha nyaya, akaupiga moyo wake picha kutoka kila upande, akamkimbiza kwenye mashine mpaka jasho likamtoka. Msuli ulikuwa safi. Alisema safi ya leo haimhakikishii kesho, kwamba ukurasa bado unasema vile unavyosema, lakini atangoja na sisi, na mume wangu aende kumwona kila mara. Tulikubali. Nilisikiliza pumzi zake gizani majuma yale yote, siwadanganyi kwamba nilikuwa jasiri.

Majibu ya wazee yalipotoka, Nani-Kasema alinipigia simu, akampa yule mwenzake aliyesoma sampuli anieleze mwenyewe. Wazee kumi na tisa, kati ya mia tisa hivi, walikuwa na badiliko lile lile. Wamezeeka nalo. Wamezaa nalo, wamelima, wamepanda ngazi, wamezika wenzao, na mioyo yao inadunda. Ugonjwa wa kuua vijana haubebwi na wazee wengi namna hiyo.

Nikadhani yamekwisha. Mkuu akakataa kutuma.

Safari hii sikukaa kwenye benchi. Nilisimama mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

"Watatucheka," mkuu alikuwa anasema. "Maabara nne, tena zile! Sisi ni moja, na hatujawahi kuandika kitu. Nne kwa moja."

"Wao wana mgonjwa mmoja, wameazimana. Sisi tuna wazima kumi na tisa," wifi akamjibu.

"Na tukikosea?"

"Jina langu liko chini pale, watanijia mimi. Weka na lako. Kama huweki, andika hapo kwamba umeyaona na umekataa, uandike na sababu. Maana kesho akija mtu na chuma kifuani akauliza tulijua lini, mimi sitamjibu kwamba tulikuwa tunasoma tu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilitaka kumrukia. Kumbe alikuwa anasoma. Alisoma yote, mstari kwa mstari, akakuta mahali wifi alipotia chumvi kidogo, akapunguza. Akakuta sentensi nyingine yenye woga, akaikaza. Kisha akaweka jina lake chini ya la wifi na kubonyeza mwenyewe.

Siku chache baadaye ukurasa ule ulibadilika. Hukumu ya zamani ilitoka, pakaandikwa kwamba maabara zinapingana. Mimi nilitaka paandikwe kwa herufi kubwa kwamba walikosea, lakini wifi alisema hatua kwa hatua. Akaziandikia zile nne, kila moja barua yake, na wazee wetu kumi na tisa ndani. Maabara ya kwanza ilijibu upesi, ikashukuru, ikabadili hukumu yake. Ile iliyoitegemea haikuwa na pa kusimama, ikafuata, na ya tatu ikafuata. Ya nne haikujibu kabisa. Ilibadili kimya kimya, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani wakati jirani hayupo. Ukurasa ukasema halina madhara. Daktari wa moyo akafuta upasuaji na kuiandikia kampuni, na hospitali haikuniuliza tena habari za mtoto.

Mume wangu alirudi kwenye kreni. Nilikwenda kumwangalia kutoka getini, nikasimama karibu na kile kiti chake na kukipiga teke. Alipofika juu alipunga mkono, mjinga yule, badala ya kushika vyuma. Nililia kwa hasira, na mlinzi akadhani nimefiwa.

Muda ulipita. Siku moja nilikuwa jikoni kwa Nani-Kasema, namsuka. Tumeshapatana kiasi hicho, ingawa bado ananibishia bei. Simu yake ikaita, namba ngeni. Akaiweka kwenye spika kwa sababu nilikuwa nimemshika kichwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, mtu mzima, anaongea kama aliyejiandaa. Alisema amekuta jina la maabara kwenye ukurasa wa badiliko, akapiga huko wakampa namba ya wifi. Daktari wake mpya ndiye aliyemwonyesha kwamba hukumu imegeuka.

"Nina kifaa hicho kifuani," akasema. "Nilikuwa bado msichana waliponiwekea. Kimewahi kunishtua mara moja, na wakasema kilikosea tu, moyo haukuwa na shida. Nimekizoea. Sikukupigia kwa ajili ya hicho."

"Nakusikiliza, dada," wifi akasema.

"Waliniambia nisizae. Kwamba mimba itaniua, na mtoto nitampa ugonjwa. Mume niliyekuwa naye akaondoka. Sikuzaa. Sasa umri umepita."

Mikono yangu ilisimama kwenye nywele. Nani-Kasema, aliyembishia kila mmoja aliyewahi kupita mbele yake, huyu hakumbishia. Alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Tulichelewa. Nisamehe, dada. Tulikuwa tunaweza kuhesabu, na hatukuhesabu."

"Sikukupigia unililie," mwanamke akamkata. "Nimeshalia ya kwangu. Nimesoma huo ukurasa wenu. Mmeandika wazima kumi na tisa, sivyo?"

"Ndiyo. Kumi na tisa."

"Mimi pia ni mzima. Nilikuwa mzima siku zote zile. Niambie damu nailetea wapi, nataka na mimi nihesabiwe."